Herufi A ya Masika

Miye sina uvumilivu, bantu bote ba mutaa wetu wa Ruashi banajua. Ukiniletea ordinateur, kompyuta yako, nikutengenezee, kaa, nyamaza, usinipumulie ku shingo. Lakini ile asubui Mama Masika alishindwa kukaa.

"Wivine, iko saa ngapi?"

"Saa tano! Si umeniuliza sasa hivi?"

Goma ilikuwa imeanguka mu mikono ya waasi ile juma. Bwana ya Mama Masika, Anselme, aliacha mutoto wao kwa bantu fulani kule, akamutumia muke wake sauti ya kumuelezea ni nyumba gani, kiisha simu yake ikanyamaza. Sauti iliingia mu ordinateur ya Mama Masika. Kabla aisikilize, mashine ikafanya mise à jour, ikajisasisha yenyewe, na ile mise à jour ikaondoa programu moja tu yenye ilikuwa inaweza kufungua ile sauti. Eti imezeeka! Faustin, kaka yake, alikuwa Goma na simu ya laini ya Rwanda, yenye ilikuwa ingali inashika, anangoja adresse ya ile nyumba. Saa nane anavuka mupaka kuingia Rwanda. Bila adresse, anavuka bila mutoto.

Programu ilikuwa ingali mule ndani, wameificha tu kwa kubadilisha majina ya faili zake. Lakini kuirudisha ni kugusa faili zenye système inalinda, na hazikubali kuguswa mashine ikiwaka kawaida. Unaizima, unaingilia mulango wa nyuma, ku écran, kioo nyeusi yenye maandishi tu. Niliogopa, sitadanganya. Ukiharibu faili moja ya vile, mashine haiwaki tena, na sauti ya Anselme imeenda.

Ule mulango wa nyuma ukaomba neno ya siri.

"Ni masika," Mama Masika akasema. "Herufi ndogo zote."

Nikaandika. Ikakataa. Nikaandika tena polepole. Ikakataa, ikaonya: imebakia mara moja, kiisha itajifunga.

Hapo nikawaka.

"Avenue nzima banakuita Mama Masika, na wewe jina ya mutoto yako inakushinda?"

Machozi yakamutoka. "Sijasahau, Wivine. Nitaisahau namna gani?"

Nikasikia haya, lakini woga ulipita haya. Nikaangalia vidole vyangu. Ku écran herufi hazionekani, ni nukta tu. M. A... Eh, Mungu yangu! Pa kuingia ilikuwa imeniuliza klavye gani, ni kusema kibodi ya inchi gani, na miye na haraka yangu nikabonyeza ya kwanza, ya Kiamerika. Huku klavye zetu ni za Kifaransa. Kitufe chetu cha A, kwao kinaandika Q. Nilikuwa ninaandika upuuzi, kiisha ninamutukana mama ya bantu.

Nikarudi nyuma, nikachagua Kifaransa, nikaandika. Nikafunga macho.

"Iko namna gani?" akauliza.

"Imefungua."

Faili tatu nikazirudishia majina yao ya zamani. Nikawasha mashine. Ikachelewa, ikachelewa, ikawaka. Na Anselme akasema, tulivu kabisa, akimuita muke wake kwa jina yake mwenyewe: "Kasoki, mutoto iko kwa Mama Claudine, ku Himbi, nyumba ya mulango wa kijani. Hapana kuogopa." Kabla amalize, Mama Masika alikuwa anapigia Faustin.

Saa saba na nusu simu ya Mama Masika ikalia: ni Faustin. Akaipokea, akaogopa kuuliza. Akaniwekea simu ku sikio.

"Muite wewe," akaninongoneza. "Jina unaijua."

"Masika?" nikasema.

"Eeh," mutoto akajibu. "Mama yangu iko wapi?"