Manyunyu Yaliyotafuta pa Kuangukia

Usiku wa jana niliota, na shahidi wangu ni lile jiwe letu kubwa la kuanikia michembe, kwa hiyo mwenye kubisha akabishane nalo.

Kabla ya kulala, redio ilisema kiangazi kinaelekea ukingoni, na Kanda ya Ziwa itegemee manyunyu katika maeneo machache, pamoja na hewa ya baridi. Nikamwambia mume wangu Luhende, "Twende tukaanue michembe." Viazi vyetu vyote vya mwaka huu nilikuwa nimevikatakata nikavianika pale juu. Michembe ikinyeshewa inaota ukungu, na ikiota ukungu sisi wawili hatuna cha kula mpaka mavuno. Peke yangu, kwa kiuno hiki, ningeanua mpaka Krismasi.

Luhende akajinyoosha kitandani kama mgeni wa heshima.

"Wamesema maeneo machache," akanijibu. "Mkoa wote huu, ndiyo watuchague sisi?"

Msomi wangu. Alikuwa anakoroma kabla sijapata la kumwambia.

Basi naota ni mchana, jua linawaka, nimesimama juu ya jiwe. Jiwe linakohoa.

"Holo," linasema. Linaniita kwa jina tu kwa vile limenizidi umri. "Unaitwa huko kwenye utabiri. Leo wanagawa maeneo machache, na mimi nimo."

Nalishukuru kwa taarifa, ingawa lingeweza kuniambia mapema, maana limekaa pale tangu dunia iumbwe na sijawahi kuliona na kazi nyingine.

Nashuka, na mguu wangu unakanyaga sakafu ya saruji. Niko ofisini. Kwenye benchi wamekaa watu wembamba wembamba wanaodondosha maji kwenye pua. Hao ni Manyunyu. Pembeni yao amekaa Hewa ya Baridi, mama mnene mwenye sweta tatu, anatetemeka kwa kujiogopa mwenyewe. Nyuma ya meza yuko Bwana Wastani, si mrefu si mfupi, shati limechomekewa upande mmoja.

"Shikamoo, mayu," ananiamkia kama mama yake.

"Marahaba. Nimekuja kuliondoa jiwe langu kwenye hayo maeneo yenu."

"Linaweza kuondolewa," anasema. "Na linaweza lisiondolewe."

"Sasa nishike lipi?"

"Yote mawili yana uwezekano wa wastani."

Hapo nikajua nimefika kwa wenye elimu yao.

Bwana Wastani ananifafanulia kwa upole kwamba utabiri ukishasomwa redioni hauwezi tena kuwa uongo. Wamesema machache, na bila jiwe langu yatakuwa pungufu ya machache. Nikilitoa, nilete eneo jingine la kwangu mwenyewe. La jirani halipokelewi.

"Jirani amefanya nini?" nauliza.

"Hajafanya kitu. Ila kila anayeingia hapa anaanza na jirani."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumtaja Ng'wasi wa ng'ambo ya kisima. Nikaufunga.

"Bibi, fanya haraka," ananiambia mmoja wa Manyunyu, amebana magoti. "Sisi hatuwezi kujizuia muda wote."

Mara ofisi imekuwa darasa la tatu, ndipo nilipoachia shule. Madawati ni yale yale na majibu bado sina. Jiwe limejibana kwenye dawati la nyuma, limeinama lisiulizwe. Bwana Wastani anaandika ubaoni: ENEO.

"Shambani," nasema. "Nyesheni kule hata wiki nzima."

Manyunyu wanacheka mpaka wanaloweshana.

"Shambani huwa tunakwenda wakati wa kupanda," anasema Bwana Wastani. "Tukikumbuka."

"Basi kwenye zizi la mbuzi."

"Mbuzi aliyelowa ananuka," anasema Hewa ya Baridi. "Na mimi ndiye nitakayelala nao."

Naona kabisa michembe yangu inaanza kupata weusi pembeni. Nageukia dirishani nimuombe Mungu, na dirishani naona chumba changu cha kulala. Luhende yuko upande wake, mdomo wazi, blanketi lote kwake. Natazama. Eneo dogo, si la jirani, na halina mchembe hata mmoja.

"Ninalo eneo," nasema. "Linaanzia ukutani mpaka katikati ya godoro."

Bwana Wastani anachungulia. "Lina mkazi?"

"Lina msikilizaji wa redio."

"Ameridhia?"

"Yeye ndiye aliyesema hamuwezi kutuchagua. Mtamfahamisha mkifika."

Bwana Wastani anapiga mhuri hewani. Manyunyu wanainuka kwa adabu na kupita dirishani mmoja mmoja. Hewa ya Baridi anawafuata, ananiuliza kama huko kuna blanketi.

"Lipo," namwambia. "Jaribu kumnyang'anya. Mimi nilishashindwa."

Nikaamka. Kumekucha. Luhende amekaa kitandani, maji yanamchuruzika kutoka utosini mpaka kidevuni. Nikatazama bati juu yake, halina tundu. Upande wangu wa godoro ulikuwa mkavu kabisa, na mpaka kati ya maji na ukavu umenyooka kama uliopigwa kwa rula.

"Mke wangu," akasema, meno yanagongana, "umenimwagia maji?"

"Mimi nilikuwa nimelala."

"Sasa haya ni nini?"

"Manyunyu," nikamwambia. "Katika maeneo machache."

Nikatoka. Uwanja ulikuwa na vumbi lake lile lile. Juu ya jiwe, michembe ilikuwa mikavu, ukiigusa inalia kama vigae.

Luhende akanifuata amejifunga shuka. Jua lilikuwa limeshafika juu ya jiwe, akajilaza pale katikati ya michembe ili na yeye akauke. Nikaanza kuigeuza, upande wa chini uje juu. Nilipomfikia yeye nikamgeuza vile vile.

Alikuwa ameshalala.