Jua Chini ya Hadubini

Nimeinamia hadubini, nangoja rangi ya kijani inayong'arisha vinasaba iingie ndani ya seli za mdogo wangu Kemilembe, seli hai, za mwisho tulizo nazo, maana ugonjwa umemlegeza miguu na amesema hakatwi ngozi ya kupimwa tena, na kope zangu zinashuka, zinashuka, na kioo kinalainika kama maji nami napita. Nasimama kwenye barabara nyekundu. Nikipiga hatua inagawanyika, nikigeuka inaungana, na kila mji ninaoufikia ni mji uleule ukijitazama. Hii ni mitokondria, nawaza, majiko ya seli, na humu ndimo vilimo vinasaba ninavyovitafuta. Kando yangu anatembea mwenyeji asiye na uso. Shikamoo, namwambia. Marahaba, binti wa mama yako. Na baba je? Anacheka. Baba alikuja harusini, mizigo yake ikaishia mlangoni. Humu kila kitu ni cha mama. Basi nionyeshe taa za kijani, vinasaba vyenyewe, nijue kama za mdogo wangu zimekwisha. Ukitutazama kidogo utatuona, ukitutazama sana hutatuona. Mafumbo kawape wengine, mie nataka mwanga! Na jua la buluu linawaka juu yetu, linazidi, barabara zinakatika vipande kama shanga zilizomwagika, miji inavimba, mwenyeji anajipepea. We binti, unatutazama au unatuchoma? Hapo nakumbuka: leza, mwanga mkali wa buluu wa hadubini, nimeiacha imewaka hadi mwisho, kwa pupa yangu, kisha nikasinzia. Seli zinakufa, na hakuna nyingine. Nalirukia jua, nalishika kwa mikono miwili, nalizungusha kama kitufe cha redio, na giza laini linashuka. Nangoja. Sioni kitu. Nangoja tena, na shanga moja inaigusa nyingine, barabara inajisuka, na kwa mbali taa hafifu ya kijani inatetemeka, inarefuka, inakuwa mbili. Zinaongezeka! napiga kelele. Na sauti nayo punguza, anasema mwenyeji.

Nazinduka. Kaka Rwegasira, mwenzangu wa maabara, ameikodolea macho skrini. Leza kaipunguza nani, namuuliza, si wewe? Mimi? Nimeingia sasa hivi, nimekukuta unakoroma kama mashine ya kusaga. Lakini tazama, dada, ziko hai, taa zinaongezeka! Tunacheka, nampigia Kemilembe nimwambie hatakatwa tena, na simu inapoita, taa ya dari inaanza kufifia, taratibu, bila mkono kwenye swichi, kana kwamba huko juu yuko mtu aliyejifunza kututazama. Nampungia mkono.