Walio Chini: Sifuri

Charles alifika machimboni, nje kidogo ya Ushirombo, na kompyuta moja, kadi za rangi nne na imani isiyotikisika. Kampuni yake ya Dar ilipewa kazi ya kutengeneza mfumo wa kuonyesha nani yuko chini ya duara, lile shimo la kushukia wachimbaji, na nani amepanda, ili feni ya hewa isizimwe mtu akiwa bado shimoni. Mfumo ungejengwa kwa awamu za wiki mbili mbili. Awamu ya kwanza ikikataliwa, Charles hana kazi.

Siku tatu alikusanya mahitaji ya watumiaji. Kwa nani? Kwa mwenyekiti wa kikundi cha wachimbaji, kwenye ukumbi wa gesti, kwa soda na sambusa. Ukuta ukajaa kadi: "Kama mwenyekiti, nataka kuona jumla." "Kama mwenyekiti, nataka rangi ya kijani." Mchimbaji alichorwa kwa vijiti vitano na kichwa. Mwenyewe hakualikwa, alikuwa kazini.

Pale kwenye mdomo wa duara alikaa Mama Lusia. Kila anayeshuka humwachia shati, naye hulitundika kwenye waya; mwenye shati akipanda, hulivaa.

"Shikamoo mama. Mashati sasa tunaachana nayo, kila mtu atashuka na simu ya kumhesabu."

"Marahaba. Hiyo simu yako huko chini inashika?"

"Haishiki. Lakini zamu ikiisha saa kumi, mfumo wenyewe unawatoa wote."

"Unawatoa kwa kamba ipi, baba?"

Charles akaandika kwamba mtumiaji ana hofu ya mabadiliko.

Ijumaa ya wiki ya pili ikawa siku ya maonyesho. Saa kumi kamili skrini ikaandika: Walio chini, sifuri. Kijani kibichi! Mwenyekiti akapiga makofi, akaamuru jenereta ya feni izimwe. Mama Lusia akasimama mbele yake.

"Shati la Mayala bado liko hapa. Haizimwi."

"Mama, mfumo unasema wametoka wote," mwenyekiti akasema.

"Basi mfumo ushuke ukamwangalie."

Charles alilitazama lile shati lenye kiraka begani. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa.

"Msizime!" akapiga kelele.

Baada ya dakika ishirini Mayala akapanda, vumbi hadi kwenye kope. Kifusi kilikuwa kimemzibia njia. Charles akachukua kadi na kumuuliza swali la siku ya kwanza.

"Kaka, unataka mfumo ukufanyie nini?"

Mayala akafikiri kidogo. "Nipate hewa mpaka nipande."

Charles akaibandika kadi hiyo juu kabisa. Mwenyekiti akaisoma, akaisifu, kisha akaibandua na kuishusha hadi awamu ya tatu.

"Wazo zuri sana. Ila hizi mbili za mwanzo zimeshajaa, na nembo ya kikundi bado."

"Hizo wiki nne, mwenyekiti," Mayala akauliza kwa adabu, "tushuke tumebana pumzi?"

Mwenyekiti akaomba kalamu aidhinishe awamu ya kwanza. Charles akaitia kalamu mfukoni.

"Awamu hii imekataliwa," alisema. "Nimeikataa mimi."