Viatu Viko Wapi Hapo?

Mke wangu anafundisha upimaji wa ardhi chuoni. Kila muhula unapoanza huwagawia wanafunzi silabasi ya kurasa kumi na moja: kozi inahusu nini, majaribio lini, alama zinapatikanaje, nani ataruhusiwa kufanya mtihani na nani hataruhusiwa. Wanafunzi huipokea kwa mikono miwili, kisha huitupa wanakojua wenyewe. Baada ya hapo simu yake haipumziki. "Mwalimu, jaribio lini?" "Mwalimu, tuje na nini?" Yeye hujibu neno moja tu: "Imeandikwa."

Mwaka huu mmoja wa wanafunzi hao alikuwa mdogo wangu, tunayemwita Kijiti kwa urefu na wembamba wake. Anakaa kwetu, chumba kimoja na cherehani ya mama yetu. Silabasi yake niliiona siku ya tatu, chini ya sufuria ya chai, ina duara jeusi la masizi katikati.

"Shemeji," alimwambia mke wangu, "ya nini niisome na mwandishi mwenyewe niko naye mezani? Nipe kwa kifupi."

"Chuoni mimi si shemeji yako."

"Hapa si chuoni."

"Basi hapa kunywa chai."

Tukacheka. Mtu na shemeji yake, utani ni haki yao.

Alhamisi ilikuwa siku yao ya kwanza ya kwenda uwanjani na vifaa vya kupimia. Nilikuwa mlangoni natafuta ufunguo wa kibanda changu cha kunyolea, Kijiti akanipita na kandambili, anapiga mluzi. Mke wangu alimtazama miguuni, akafungua mdomo, akaufunga.

Jioni kijana alirudi uso umemvimba. Kati ya wanafunzi hamsini na wawili, thelathini na mmoja walikuwa wamerudishwa kwa kukosa viatu vya kufunika miguu. Wote sifuri, naye akiwemo.

"Ulimwona akitoka," nilimwambia mke wangu tulipobaki wawili jikoni.

"Nilimwona."

"Ukanyamaza?"

"Ningemwambia yeye, wale thelathini wangeambiwa na nani? Wao hawana shemeji." Alisugua sufuria ambayo ilikwisha takata zamani. "Ule uwanja una chupa na misumari. Mwaka juzi mmoja alichomwa unyayo, nikambeba mgongoni mpaka barabarani. Unafikiri nafanya kwa kupenda?"

Nilijua anaumia kuliko huyo aliyenuna.

Siku tatu nyumba ilipoa. Kijiti akawa anamwamkia shemeji yake "Shikamoo, mwalimu," kwa heshima ya kuchoma kama pilipili, naye anaitikia "Marahaba, mwanafunzi." Mimi katikati, kama kuku mgeni.

Jumapili mama akachoka nao. Mama alishona nguo za watu miaka arobaini, na hata sasa haketi bila sindano mkononi. Alimwita Kijiti ukumbini.

"Lete hiyo karatasi iliyokupa sifuri, unisomee. Macho yangu hayana nguvu."

Wakati huo alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, na ulipita mara ya kwanza. Lakini nani atamwambia mama yake kwamba macho yake ni mazima?

Kijiti alizibandua kurasa zilizogandana kwa chai, akaanza kusoma kwa haraka, kama anayekimbizwa. Mama akamsimamisha kwenye mstari wa pili.

"'Tathmini endelevu.' Maana yake?"

"Yaani... tunapimwa muhula mzima, si siku ya mwisho tu."

"Kwa hiyo ukilala wiki mbili?"

"Zinanila alama."

"Kumbe. Endelea."

Wakaenda hivyo, sentensi kwa sentensi, mpaka ukurasa wa nane. "'Mwanafunzi atawajibika kuzingatia mavazi stahiki ya uwandani kwa mujibu wa miongozo ya idara.'"

"Maana yake?"

"Tuvae... vizuri."

"Viatu viko wapi hapo?"

Kijiti aligeuza karatasi, akaangalia nyuma. Mke wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akajibu. "Vimo kwenye miongozo, mama."

"Na miongozo iko wapi?"

"Idarani. Imebandikwa ukutani, ndani ya ofisi."

"Wanafunzi huingia humo ofisini?"

"Wakiitwa."

Mama aliweka pajani shati alilokuwa akilishona. "Mwanangu, mteja akija nikamwambia nguo yake nitaikata 'kwa kipimo stahiki', akaenda zake, kesho ikambana, nani kaharibu kitambaa?" Kijiti akaanza kutabasamu. "Na wewe meno ndani. Mteja asiyekuja hata kupimwa hana mdomo wa kulalamika."

Mke wangu aliketi mkekani kando ya mama, akauchukua ukurasa ule na kuusoma taratibu, kama barua ya mtu mwingine.

"Sentensi hii niliirithi," akasema. "Aliyenitangulia naye aliirithi. Nimeigawa miaka sita!" Akaangua kicheko, Kijiti naye, mpaka wakaegemeana.

"Sasa wale ishirini na mmoja waliobaki uwanjani walijuaje?" nikauliza.

"Kaka, hawakujua," alisema Kijiti. "Wale huvaa viatu kila siku."

Jumatatu mke wangu aliingia darasani akakiri kosa lake, akafuta sifuri zote. Kisha akawapanga wawili wawili: mmoja asome silabasi kwa sauti, mwenzake amsimamishe kila sentensi na kumuuliza maana yake. Anasema darasa lilichangamka kama soko. Binti mmoja wa nyuma kabisa, ambaye sauti yake hakuwa amewahi kuisikia, alinyoosha mkono.

"Hapa panasema asiyehudhuria robo tatu ya vipindi hafanyi mtihani. Mimi ninayemuuguza baba je?"

Ruhusa ilikuwepo, ukurasa wa kumi, ila huombwa kabla ya kukosa, si baada. Binti alikuwa ameshakosa vipindi vinne. Mke wangu alimwandikia ruhusa palepale, akiwa amesimama. Na kurasa kumi na moja, kwa kalamu za wanafunzi wenyewe, zikaandikwa upya, zikawa tatu.

Hawakugeuka malaika. Wapo walioendelea kuuliza mambo yaliyo mbele ya macho yao, lakini sasa wenzao ndio waliowajibu, tena bila huruma.

Wiki ya mwisho mwanafunzi mmoja aliuliza kama wataruhusiwa kuingia na kikokotoo kwenye mtihani. Karatasi zikapekuliwa darasa zima. Kijiti akasimama, akasoma zote tatu kwa sauti, mwanzo hadi mwisho. Jibu halikuwemo. Mke wangu akaandika jibu ubaoni, nao wakaliongeza kwa mkono.

Alinisimulia hayo jioni, amekalia kiti changu cha kunyolea, ananisubiri nimalize kufagia nywele. Alikuwa na furaha kama mtu aliyeletewa zawadi.

"Wamenikamata nimesahau," alisema. "Hamsini na wawili, wote kwa pamoja."