Muntu Mweupe mu Picha ya Nyota ya Mukia

Kapya, bwana yangu, alikufa mwezi wa kwanza, mwaka wa 86. Mwezi wa tatu akaanza kuonekana mu picha.

Alikuwa fundi wa mafrigo ku depo ya kampani ya shaba, kule walikuwa wanachunga nyama na samaki ya bafanyakazi. Baridi njo ilikuwa kazi yake. Rafiki yake Kasonde Edouard (ile Edouard tulikuwa tunaiita mu nyumba tu; inje serkali ilikataza majina ya kizungu, alikuwa citoyen Kasonde) alikuwa mwalimu wa fizike. Siku padri mumoja alirudia Ulaya na kumuachia telesikopi, aliileta kwetu, ku mwisho ya mutaa wetu wa Kenya, fasi taa za barabara zinaishia. Bakaisimamisha mu lupango, ndani ya ua, nyuma ya jiko. Kisha Kapya akatengeneza sanduku ya kupiga picha mu baridi.

Sanduku yenyewe ilikuwa ndogo, sawa bati ya maziwa ya unga. Ndani mulikuwa sahani ya shaba, na film inalala juu yake. Nyuma ya sahani unatia barafu ya moshi, ile ya ku kiwanda ya pombe: haitoe maji, inatoa moshi tu, na inachoma mukono sawa moto. Mbele kuko kioo. Kasonde alinielezea asema mwanga ya nyota ni kidogo sana, film ikiungojea sana inachoka, lakini baridi inaikataza kuchoka. Niliona ni sawa. Hata bantu iko vile.

Kuweka film ilikuwa kazi yangu, juu inawekwa mu giza, kwa vidole tu, na vidole ya Kapya ilikuwa minene sawa mihogo. Alisema miye naweza kutosha miba yote mu samaki bila kuangalia. Basi ninaweka film, ninafunga sanduku, kisha yeye anatia barafu na kuibeba ku telesikopi.

Nyota ya mukia aliingojea mwaka muzima. Moyo ikasimama mbele aione.

Mwezi wa tatu redio ikasema nyota inaonekana mbele ya majogoo. Kasonde akakuja, tukafanya kazi sawa zamani, wawili pahali pa watatu; mu giza nikapumua jina yake juu ya film. Film aliisafishia mu jiko yangu, picha akaitosha ku masomo kule anafundisha, akaniletea. Nyota ilikuwa pale, na mukia yake. Lakini katikati mulikuwa muntu mweupe, bila uso, kichwa imeinama, bega ya kushoto imeshuka kupita ya kuume. Bega ya Kapya ilikuwa vile tangu aangukiwe na kompresere.

"Ni maji ya hewa," Kasonde alisema. "Mvua haiyaisha. Maji inaingia mu sanduku, inagandama juu ya film." Aliisema huku anaangalia ukuta.

Miye sikushangaa. Nilikuwa mujane mwenye hawayamutosha mufu. Kwetu, mpaka ndugu ya marehemu akufunge ushanga mweupe ku mukono, kivuli ya bwana yako iko juu yako bado. Nilikuwa ninaikala chini, ku mukeka, na kamba ya kilio ku shingo. Kapya angeenda wapi?

Tangu ile siku nikaanza kumusemesha. Mu giza, film imelala juu ya sahani, sanduku wazi, nilikuwa ninasogeza kinywa karibu na kumupa habari: bati ya jiko inavuja, Brigitte wetu ametoshwa jino, kuku yenye madoa imelalia mayai ya jirani. Mwisho ninamupulizia na mate kidogo, sawa mama yake alikuwa anatubariki tukisafiri. Kisha ninafunga. Kasonde alikuwa anangojea inje, hakusikia.

Alikuwa anatafuta ugonjwa ya sanduku kwa utaratibu, sawa Kapya alivyomufundisha: badilisha kintu kimoja, ingine uache, uangalie. Kwanza alibadilisha mupira ya mulango, akakata mupya mu tairi ya ndani ya kinga, ile baisikeli ya Kapya. Picha ikatoka na muntu. Akakaanga muchele juu ya mbabula, jiko ya makaa, mpaka ikakauka kabisa, akaitia mu soksi ndani ya sanduku ili inyonye maji. Muntu akabaki. Akasema labda barafu haigusi sahani muzuri, nikaitwanga mu kinu mpaka ikakuwa unga. Ile siku njo alionekana zaidi. Hata vidole vilikuwa.

Habari ikatembea. Siku ya ine ya juma Bwalya, mudogo wa Kapya, akafika toka Mokambo na ushanga wake mu leso, juu ya kunitosha mufu siku ya posho, ile siku ya sita. Aliangalia picha zote ine, moja moja, mpaka ya mwisho.

"Shemeki, yeye iko hapa tangu siku ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Na wewe unanyamaza tu. Unamupikia na bukari yake ya kula?"

Kasonde akaanza habari ya mupira na maji ya hewa. Bwalya alimuachia amalize, kwa heshima, kisha akasema, "Mwalimu, masomo yangu iliishia ku ya tano. Lakini ndugu yangu ninamujua akiinama."

Akaeleza kwa upole, na ule upole njo uliniogopesha. Hawezi kufunga ushanga ku mukono ya mwanamuke mwenye bwana yake iko bado mu lupango. Posho asubuhi tupige picha ya mwisho. Kama Kapya iko ndani, yeye Bwalya atavunja sanduku na nyundo, na kuizika ku miguu ya kaburi. Fundi akishikwa na kazi yake, unamupatia kazi yake aende nayo.

Ile sanduku njo ilikuwa kintu pekee Kapya alitengeneza kwa mapenzi, hapana kwa mushahara.

Siku ya tano mvua ikapiga tangu asubuhi. Muchana nikakaa ku mulango ya jiko kusafisha sanduku. Nyuma ya sahani nilitia barafu kidogo ya kujaribu, ile Kasonde alileta juu ya Posho, moshi ikitambaa juu ya magoti yangu. Nikasogeza uso kuangalia kama shaba imeshika alama. Na bila kufikiri, kwa mazoea, nikasema, "Kapya."

Akatokea.

Juu ya shaba kavu, weupe ulipanda polepole: kwanza kichwa, kisha mabega, moja imeshuka. Nilifuta na leso. Nikasema tena jina yake, akatokea tena. Nikafuta. Nikafunga kinywa, nikageuza uso, nikahesabu mpaka mia mbili. Shaba ikabaki nyekundu, tupu.

Mara ya tatu sikusema. Nilipumua tu. Akakuja vilevile.

Nikaikala pale mpaka makaa ya mbabula ikazima. Maji haikutoka mu mvua. Ilitoka kwangu. Na mupira mupya ya Kasonde ilifunga pumuzi yangu ndani muzuri zaidi.

Sikumuambia muntu. Usiku muzima niliwaza: nikimusemesha, atakuwa mu picha, na sanduku itavunjwa. Nikinyamaza, sanduku itabaki, lakini ndani hakutakuwa muntu.

Posho, mbele ya majogoo, mawingu ikafunguka. Niliingia mu giza, nikajifunga kitenge ku kinywa na pua, mikunjo ine, fundo nyuma ya shingo. Nikaweka film. Brigitte alikuwa amepona jino, ile habari ilikuwa inanisukuma mu koo. Nikafunga mulango ya sanduku.

Jua ilipopanda Kasonde akatoka mu jiko na film yenye maji, akaishika mbele ya mwanga. Nyota ilikuwa pale, mukia yake murefu, na nyota kidogo-kidogo pembeni, kila moja na fasi yake. Bwalya akavaa miwani, akatafuta pembe zote ine. Alitafuta sana. Niliona naye alikuwa anatamani kumuona.

Kisha akafungua leso, akanishika mukono, akanifunga ushanga.

"Ameenda lini?" akaniuliza.

"Leo," nikamujibu. "Nilikuwa naye. Sikumuaga."