Ukurasa wa Kapita Barthélemy

Esdras alijua kwamba jina la babu yake limo kitabuni, kwa sababu alikuwa ameliona mwishoni, pale majina yanapopangwa kwa alfabeti: Barthélemy, kapita, Ntoto. Kilikuwa kitabu cha Kifaransa, historia ya barabara za Kivu tangu enzi za Wabelgiji. Mpwa wake alimtumia kutoka Goma. Mtu mwingine angefungua palepale ukurasa uliotajwa kando ya jina hilo. Esdras hakuufungua. Alitengeneza kasiksi, pombe ya ndizi, akaalika watu waje barzani Jumapili baada ya misa, wasikie pamoja naye.

Pale Ntoto nyumba yao iliheshimiwa kwa sababu ya babu huyo. Alikuwa kapita, msimamizi wa vibarua wa Wabelgiji, na ilisemwa kwamba ndiye aliyeleta barabara. Siku za salongo, watu wote wanapotoka kufyeka kando ya njia, mtu wa ukoo wa Esdras ndiye hutoa neno la kwanza.

Madame Naomie, mwalimu wa shule ya msingi, angesoma Kifaransa, na Esdras mwenyewe angegeuza kwa Kiswahili. Hilo alilishikilia. Kifaransa alikipata ukubwani, katika masomo ya jioni ya parokia, wakati wenzake wanapumzika, naye hakutaka mtu mwingine amsemee babu yake.

Akaionja kasiksi kwanza mbele ya wageni, kama mwenyeji yeyote, ili waone haina sumu.

"Pombe umeionja," alisema Hilaire, mwenzake wa utani tangu utoto. "Na kitabu, ulikionja?"

"Kitabu iko na sumu gani, wewe? Kunywa unyamaze!"

Watu wakacheka. Naomie akaanza kusoma. Mambo yalikwenda vizuri: mhandisi wa kizungu akafika, wanaume wakabeba mawe, Barthélemy akapewa kofia na medali. Kila sentensi Esdras aliigeuza kwa sauti iliyozidi kupanda. Kisha Naomie akasoma sentensi moja polepole zaidi, na Esdras akaielewa yote, neno kwa neno, kabla mwalimu hajaifikisha mwisho.

Barzani, mbali na Naomie, hapakuwa na mwingine aliyeweza kufuata Kifaransa kile. Wote walikuwa wanamtazama yeye.

"Anasema," Esdras akaanza, "wanaume walipokimbilia pori, kapita aliwapatia wanamuke wao nyumba ya kukaa, mpaka waume warudi."

"Alikuwa muntu muzuri," mmoja akasema nyuma.

Mama Adelaïde, mjane aliyeketi karibu na nguzo, aliweka kikombe chake chini.

Naomie hakuendelea. Aliirudia sentensi ileile, bila kupandisha sauti wala kuishusha, kama anavyomsomea tena mwanafunzi imla iliyompita. Akangoja.

Esdras angeweza kusema tena vilevile. Lakini kitabu kingebaki. Wanafunzi wa Madame Naomie wanajifunza Kifaransa kila asubuhi. Siku moja mmoja wao angeufikia ukurasa huu, na hapo wangekuwa wawili wa kulaumiwa: aliyefunga mlango, na aliyeficha ufunguo.

"Sikusema kweli," alisema. "Inaandikwa hivi. Wanaume walipokimbia kazi, kapita Barthélemy aliwafungia wanamuke wao mu nyumba ya majembe, mpaka waume walirudi."



"Madame," Mama Adelaïde akauliza, "kitabu inataja majina yao?"

"Hapana, Mama. Inasema wanamuke, basi."

"Lakini ya kapita inataja."

"Ndiyo."

"Mama wa papa yangu alikuwa anaitwa Joséphine-Marie. Papa alizaliwa mule, katikati ya majembe. Kwetu wote tunajua. Tulinyamaza sababu Papa Esdras ni jirani muzuri, na ile barabara ndiyo inatupeleka ku soko."

Esdras alitazamia watu wainuke, kila mmoja aende kwake. Hakuna aliyeinuka. Walimgeukia Adelaïde vilevile walivyokuwa wamekigeukia kitabu, naye akaeleza: mvua iliyopita kwenye majani ya paa, wanawake walioimba kwa nguvu ili mlinzi asisikie mwenzao ana uchungu wa kuzaa. Haya hayakuhitaji mkalimani. Esdras alivua miwani akasikiliza, mpaka swali moja likamshinda kulizuia.

"Mama Adelaïde, ile siku mutoto alizaliwa, babu yangu alisema nini?"

"Hakusema kitu. Alisimama ku mulango, akasikia mutoto analia, akarudia kazi ya barabara. Mama wa papa alikuwa anasema: hata angenitukana, ingekuwa afazali."

Esdras aliinamisha kichwa. Naomie alikuwa bado ameweka kidole kwenye ukurasa, akimtazama aambiwe kama aendelee au afunge.

"Ngoja kwanza, Madame," Esdras alisema. "Mama hajamaliza."