Mkono wa Kulia wa Kazue

Jumatano moja ya Aprili 2020, saa mbili na nusu asubuhi, Shinohara Kazue alifungua ofisi ya usajili ya kata moja mjini Osaka, akafuta meza kumi na nne. Kumi na tatu zilikuwa za waajiriwa wa kudumu, nao walikuwa makwao kwa sababu ya korona. Kazue alikuwa wa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na watu wa mkataba hawakupewa kompyuta za kupeleka nyumbani.

Mihuri ya wale kumi na watatu ilikaa kwenye kopo la biskuti mezani pake. Walimpigia simu mmoja mmoja: nigongee. Akawagongea kwa wino mwekundu, akiilaza kidogo kushoto, maana katika ofisi ile muhuri wa mdogo huuinamia wa mkubwa. Karatasi zilipewa heshima zao zote. Mtu aliyezigonga, nani alimjali?

Nyumbani alikuwa na mama yake, Fumi, miaka themanini na miwili, mapafu mabovu, anapumua kwa mpira wa oksijeni. Kazue alipanda treni mbili kwenda na mbili kurudi. Kikohozi kimoja tu kingemmaliza bibi yule.

"Mkuu, naomba na mimi nifanyie kazi nyumbani," alimwambia Kuramochi, mkuu wa ofisi, kwa simu.

"Andika ombi, dada Shinohara."

Aliandika, akagonga muhuri wake haraka haraka, akalituma kwa faksi. Kuramochi alipiga simu palepale.

"Muhuri wako umesimama wima. Unanitunishia kifua?"

"Samahani, Mkuu. Nilikuwa na haraka."

"Halafu nyumbani utafanya nini? Kinachotakiwa ofisini ni mkono wako tu."

Jumatatu mkono wa kulia ulimtoka kwenye kifundo, bila damu, kama mtu anavyovua glavu. Kazue aliuweka kando ya kopo, akaenda zake kwa mama. Simu ilipoita, mkono uliinua kikonyo cha simu, ukasikiliza, ukagonga. Saa kumi na moja na robo mlinzi aliuaga, "Pole na kazi," akafunga mlango. Kuramochi akaandika kwenye ripoti: watumishi waliofika ofisini, hakuna. Wakubwa wakamsifu. Shenzi kabisa!

Kazue alimpikia mama uji wa wali kwa mkono wa kushoto, akamwaga nusu.

"Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana," Fumi alimtania. "Wewe unalea mama mzima."

"Kula, Mama, usinichekeshe. Nitamwaga na hii nusu nyingine."

Mei, Fumi alifariki kitandani pake, si kwa korona, mapafu yalichoka tu. Kazue alipeleka taarifa ya kifo ofisini. Mkono wake ukagonga kibali cha kuchoma maiti, ukachukua faili lililofuata. Akampigia Kuramochi.

"Mkuu, kesho nakusanya mifupa ya mama. Naomba mkono wangu, saa mbili tu."

"Pole sana kwa msiba. Lakini mkono ni wa ofisi hadi mkataba uishe, na mafaili yamejaa. Andika ombi."

Aliandika. Halikujibiwa.

Kesho yake alisimama peke yake kwenye tanuri la kuchomea maiti, mbele ya majivu ya mama, vijiti vya kuokotea mifupa mkononi. Kwa desturi mifupa iliyobaki huokotwa na ndugu wawili wawili, lakini ndugu walikuwa wamekatazwa kusafiri. Mfupa wa koo, ambao huwekwa chunguni wa mwisho, ulimponyoka mara tatu. Mkono wa kushoto haukujua vijiti. Kazue alilia kwa hasira, si kwa huzuni. Huzuni alikuwa bado hajaifikia.

Mzee wa tanuri alisimama mbali, barakoa usoni. "Tumia vidole tu, mama. Mimi naangalia ukutani."

Aliutia mfupa chunguni kwa vidole.

Saa hiyo hiyo Kuramochi alikuwa na kikao kwenye kompyuta. Alitangaza kwamba ofisi yao imeongoza kata nzima: mwezi mzima hakuna aliyelazimika kufika kazini, na hakuna faili hata moja lililochelewa. Wote kumi na watatu, kila mmoja sebuleni kwake, wakapiga makofi kwa mikono miwili.